Upasuaji hauishi nyuzi zikishafungwa

Watu walioketi kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji wanaogopa kisu. Wanaogopa ndugu yao asije akalala usingizi asiamke, wanaogopa umeme usikatike kazi ikiwa katikati, wanaogopa mkono wa daktari usiteleze. Mlango ukifunguka machela ikatoka, na aliyelala juu yake anapumua, kila mtu anamshukuru Mungu, simu zinapigwa hadi kijijini, na aliyepewa kazi ya uji anakwenda kutafuta uji. Hofu yao ina sababu, ila imeelekea mahali ambapo hatari siyo kubwa zaidi. Utafiti mpana wa matokeo ya upasuaji barani Afrika, uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2018 chini ya uongozi wa Profesa Bruce Biccard wa Chuo Kikuu cha Cape Town, ulifuatilia wagonjwa 11,422 katika hospitali 247 za nchi 25. Vilirekodiwa vifo 239. Kati ya hivyo, 225 vilitokea baada ya siku ya upasuaji kupita. Kwa maneno mengine, katika kila vifo 100, vifo 94 vilimkuta mgonjwa ameshauvuka zamani mlango ambao ndugu walikuwa wanaukodolea macho.

Ndani ya takwimu hizo kuna jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha. Wagonjwa wa utafiti ule walikuwa vijana. Wastani wa umri wao haukufika miaka 40, na wengi hawakuwa na maradhi mengine mazito kabla ya kulazwa. Theluthi moja walikuwa akina mama waliojifungua kwa upasuaji. Asilimia 18 hivi walipata matatizo baada ya upasuaji, kiwango ambacho hakipishani sana na cha kwingineko duniani. Lakini walikufa kwa kiwango mara mbili ya wastani wa dunia. Ukiziweka habari hizi mbili pamoja, unaona kwamba mkono wa mpasuaji wa Kiafrika hauna deni kubwa hapa. Matatizo yanatokea kote. Kwetu yakishatokea yanachelewa kugunduliwa, au yanagunduliwa na asiwepo wa kuitika. Marekani nao walilikuta jambo hilihili walipolinganisha hospitali zao wenyewe. Mwaka 2009 Amir Ghaferi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walichambua kumbukumbu za wagonjwa 84,730. Hospitali zenye vifo vingi na zile zenye vifo vichache zilikaribiana sana kwa matatizo: asilimia 26.9 dhidi ya 24.6. Zilipopishana ni kwa wagonjwa waliokwisha kupata tatizo kubwa: upande mmoja walikufa asilimia 21.4, upande wa pili asilimia 12.5. Tatizo ni lilelile, mgonjwa ni yuleyule, tofauti ni kama kuna mtu aliyemwahi.

Sababu za kutowahiwa ni nyingi na sina nia ya kuzifunika zote kwa moja. Damu inakosekana benki, mtungi wa oksijeni unaisha usiku, vitanda vya wagonjwa mahututi ni vichache kwa mkoa mzima. Hayo yanataka fedha, na fedha zina foleni yake. Ipo sababu moja isiyosubiri bajeti, nayo ndiyo hoja ya makala haya: namna mgonjwa anavyokabidhiwa kutoka kwa waliompasua kwenda kwa watakaokesha naye. Katika hospitali nyingi kazi hiyo hufanywa kama usafirishaji. Machela inasukumwa, faili linalazwa miguuni pa mgonjwa, mhudumu anasema huyu katoka kupasuliwa, kitanda namba sita, na anageuza machela kumfuata mwingine. Mwili umefika, karatasi zimefika. Wasiwasi wa timu iliyompasua, ambao kwa usiku ule ndio taarifa yenye thamani kuliko zote, umebaki nyuma na umezimwa pamoja na taa.

Mgonjwa mmoja anapita mikono mingi. Wapo mpasuaji, mtaalamu wa usingizi na muuguzi wa chumba cha upasuaji, ambao wamekuwa naye saa mbili au tatu na wameona kila kitu. Kisha kuna muuguzi wa chumba cha uangalizi, pale chumba hicho kinapokuwepo na kinapokuwa na mtu. Kisha muuguzi wa wodi wa zamu ya mchana, ambaye baada ya saa chache anampokeza mwenzake wa usiku. Daktari wa mafunzo kwa vitendo anayelinda wodi usiku huenda hakukanyaga chumba cha upasuaji siku hiyo. Hali ikiwa mbaya mgonjwa anapelekwa kwa wagonjwa mahututi, na akipata nafuu kidogo anarudishwa wodini, mara nyingi kwa haraka, kwa kuwa kitanda chake kina mwenye kukisubiri. Kila mkono mpya unajua pungufu kuliko uliotangulia. Na tofauti na mgonjwa wa malaria anayehamishwa wodi, ambaye anaweza kusema mwenyewe kwamba dawa fulani inamdhuru au kwamba sindano ya saa nane ameshachomwa, huyu wa upasuaji yumo katika saa ambazo hawezi kujisemea. Usingizi wa dawa haujamtoka. Kosa ambalo mgonjwa mwenyewe angelinasa njiani linapita bila kizuizi.

Tuangalie kinachopotea njiani, kwa sababu ukikitaja kwa jumla, kama 'mawasiliano hafifu', hakimtishi mtu. Kwanza damu. Katika upasuaji wa kujifungua, timu nzima imeviona vitambaa vilivyolowa, imekiona chombo cha mashine ya kunyonya kikijaa, imeona mfuko wa uzazi unavyochelewa kusinyaa. Muuguzi wa wodi anaona bandeji safi. Kama hakuna aliyemwambia, kwake mama huyu ni sawa na wenzake watano waliomtangulia. Mwili wa mwanamke kijana hujitetea kwa muda mrefu: mapigo ya moyo yanapanda, mikono inapoa, presha inashikilia, inaendelea kushikilia, kisha inaporomoka kwa mkupuo. Anayesubiri presha ishuke ndipo ashtuke, ameshachelewa. Wa kumtahadharisha kwamba kwa mama huyu mapigo tu yatosha kumwamsha daktari ni yule aliyeiona damu ikimwagika, na yeye ameshaanza kazi ya mgonjwa mwingine.

Kuna dawa za maumivu. Mgonjwa anapewa morfini au pethidini upasuaji ukikaribia kwisha, na dozi inaandikwa kwenye karatasi ya usingizi ambayo muuguzi wa wodi hajazoea kuisoma. Akifika wodini analalamika, kwa haki kabisa, na anachomwa tena. Dozi ya pili ikiikuta ya kwanza bado inafanya kazi, pumzi zinapungua polepole, na kwa mtu anayepita kati ya vitanda mgonjwa huyo ndiye anayeonekana amelala vizuri kuliko wote. Hata mabaki ya dawa ndani ya kanula yana hatari zake. Nchini Uingereza mamlaka za afya zilitoa tahadhari mwaka 2014, zikalazimika kuirudia mwaka 2017, kuhusu mabaki ya dawa za usingizi na za kulegeza misuli yanayobaki kwenye mipira ya dripu. Mtu wodini anasukuma dawa ya kawaida, mabaki yanatangulia, mgonjwa anaacha kupumua mbele ya macho yake. Ikiwa nchi yenye rasilimali kama zile ilihitaji tahadhari mbili kwa jambo linalomalizwa kwa kusafisha kanula na kusema kwamba imesafishwa, tusijidanganye kwamba sisi tunalindwa na uzoefu. Mengine nayapitia kwa haraka: kibofu kinachojaa bila mgonjwa kuhisi kwa sababu ya ganzi ya mgongo, dozi ya antibiotiki ambayo kila upande unadhani mwenzake ameitoa, mrija wa kutolea damu ambao hakuna ajuaye ulitakiwa kutoa kiasi gani.

Hapa wapo watakaosema yote hayo yamo kwenye faili. Ni kweli, mengi yamo. Lakini faili linaeleza yaliyokwisha kutokea, na anayekesha anahitaji kuambiwa yanayoweza kutokea. Ripoti ya upasuaji itasema tumbo lilifunguliwa hivi, likafungwa vile, kwa uzi wa namna hii. Ni nadra kukuta imeandikwa kwamba mpasuaji alitoka akiwa na shaka na mshipa mmoja. Shaka ya namna hiyo haina mstari wake kwenye fomu, na watu wenye heshima zao hawapendi kuiandika. Husemwa kwa mdomo, au haisemwi kabisa. Naona kwamba makabidhiano yote, ukiyachuja, yanabaki na mambo matatu: ninachokihofia kwa mgonjwa huyu, dalili itakayokuonyesha kwamba kimeanza, na mtu wa kumwita. Sentensi zake ni za kawaida tu. 'Sista, huyu mama mfuko wake wa uzazi ulichelewa kusinyaa, amepoteza damu kama lita moja. Mapigo yakizidi 110, au akianza kuhangaika, usisubiri presha ishuke. Nipigie mimi, nisipopokea, mpigie daktari bingwa wa zamu.' Kisha sista anayarudia maneno hayo kwa kinywa chake, na mpaka ayarudie, mgonjwa bado ni wa waliompasua.

Wazo hili lina asili nyumbani kwetu, kwa sehemu. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya usalama wa upasuaji yenye vipengele 19, na moja ya hospitali nane duniani zilizoijaribu ilikuwa ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, pamoja na za miji kama Toronto, London, Manila na New Delhi. Matokeo yalitoka Januari 2009: kwa hospitali zote kwa pamoja, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo kutoka asilimia 11 hadi 7. Kipengele cha mwisho kabisa cha orodha hiyo kinawataka mpasuaji, mtaalamu wa usingizi na muuguzi, kabla mgonjwa hajatoka chumbani, waambiane mambo makuu ya kuangaliwa katika kupata nafuu kwake. Ni kipengele kizuri chenye tundu moja. Wanaambiana wao kwa wao. Watu watatu ambao hakuna hata mmoja wao atakayekuwa wodini saa nane usiku wanakubaliana juu ya hatari ya saa nane usiku, kisha wanatawanyika. Ninachopendekeza ni kukihamisha kipengele hicho hatua chache, kutoka meza ya upasuaji hadi kando ya kitanda, mbele ya atakayebaki.

Hospitali ya watoto ya Great Ormond Street ya London ilifanya jambo linalofanana na hilo, na kisa chake kimesimuliwa mno kwenye mikutano ya madaktari kwa sababu kina magari ya mbio ndani yake. Martin Elliott na Allan Goldman, waliokuwa wakihudumia watoto wanaopasuliwa moyo, walikwenda kujifunza kwa mafundi wa timu ya Ferrari namna ya kufanya mambo mengi kwa pamoja bila kugongana. Watu hukumbuka Ferrari na kusahau kilichobadilika hospitalini. Kilichobadilika ni utaratibu: kwanza mashine na mipira yote inaunganishwa na kuhakikiwa, kisha kazi za mikono zinasimama, kisha mtaalamu wa usingizi na mpasuaji wanasema kwa zamu bila kukatizwa, kisha wanaopokea wanauliza na mpango unakubaliwa. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007, taarifa zilizosahaulika zilipungua kwa nusu, kutoka wastani wa 2.09 kwa kila makabidhiano hadi 1.07, makosa ya vifaa yakashuka kutoka 5.42 hadi 3.15, na muda wenyewe ukapungua kutoka dakika 10.8 hadi 9.4. Walihesabu makosa, hawakuhesabu vifo, kwa hiyo nisiwape sifa wasiyoidai. Lakini mtu asiseme tena kwamba mpango mzuri wa kukabidhiana hula muda.

Hoja ya muda ndiyo inayorudi kila mara, na inastahili jibu lenye heshima, kwa sababu wanaoitoa hawatafuti visingizio. Muuguzi mmoja au wawili na wodi iliyojaa usiku kucha ni hali halisi. Utafiti ule wa nchi 25 ulikuta watu 0.7 kwa kila wakazi 100,000 ukijumlisha madaktari bingwa wa upasuaji, wa uzazi na wa usingizi, wakati Tume ya Lancet ya mwaka 2015 ilitaka wasipungue 20 ifikapo 2030. Kwa hali hiyo, nani ataacha chumba cha upasuaji aende kusimama wodini akiongea? Jibu la kwanza ni la takwimu. Mpango wa makabidhiano ulioitwa I-PASS ulijaribiwa kwa madaktari wa watoto katika hospitali tisa za Marekani na Kanada, na matokeo yake ya mwaka 2014 yalionyesha makosa ya tiba yamepungua kwa asilimia 23 na madhara yanayozuilika kwa asilimia 30, huku muda wa maongezi ukiwa dakika 2.4 kwa mgonjwa kabla na 2.5 baada. Mtu anaweza kunijibu, na atakuwa sahihi, kwamba Boston ya Marekani siyo Bariadi. Basi nichukue jibu la pili, ambalo halitegemei Boston. Muuguzi mwenye wagonjwa watano anaweza kumwangalia kila mmoja kwa usawa na pengine akakiona mwenyewe ambacho hakuambiwa. Mwenye wagonjwa 40 hawezi. Lazima achague nani wa kumtazama kila baada ya dakika 15 na nani wa kumwacha hadi asubuhi, na atachagua hata asipoambiwa kitu: kwa kukisia, kwa sauti za wanaolalamika, kwa ukaribu wa vitanda na meza yake. Uhaba wa watu unayafanya makabidhiano yawe na uzito zaidi, kwa sababu ndiyo yanayompa msingi wa kuchagua. Kadiri macho yanavyopungua, ndivyo inavyobidi yaelekezwe.

Kwa upande mwingine kuna wanaoipenda hoja hii kupita kiasi, na hao wananitia wasiwasi kuliko wapinzani. Wataitengenezea fomu. Fomu itakuwa na kurasa mbili, itachapishwa, itajazwa asubuhi kwa kalamu moja kwa wagonjwa wote wa jana, na mkaguzi akija ataikuta imekamilika. Jimbo la Ontario, Kanada, liliiingiza orodha ileile ya usalama wa upasuaji katika hospitali 101 kwa mpigo, na tathmini iliyotoka mwaka 2014 ikakuta vifo vimetoka asilimia 0.71 hadi 0.65, tofauti isiyoweza kutenganishwa na bahati. Orodha iliyosaidia mwaka 2009 haikusaidia hapo. Karatasi ilifika kila mahali. Sina hakika kama mazungumzo yalifika nayo. Ndiyo maana sioni wokovu katika kompyuta vilevile, ingawa mfumo wa GoT-HoMIS umeingia katika hospitali nyingi za serikali Tanzania na una faida zake. Mfumo utakuonyesha dozi ya pethidini ilitolewa saa ngapi, ikiwa kuna aliyeiingiza. Hautamlazimisha mtu kusema anachokihofia, wala hautajua kama aliyesoma ameelewa.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka kwa watafiti walewale wa Afrika. Baada ya kugundua kwamba watu wanafia wodini, walijaribu dawa iliyoonekana dhahiri: kuongeza uangalizi. Katika hospitali 332 za nchi 28, zenye wagonjwa 28,892, nusu ya hospitali zilitakiwa kuwatambua wagonjwa walio katika hatari na kuwaangalia zaidi: wapelekwe wodi yenye huduma ya juu inapowezekana, wapimwe mara nyingi, walazwe karibu na meza ya wauguzi, ndugu waruhusiwe kukaa nao, na mwongozo wa uangalizi uwekwe kando ya kitanda. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Vifo vilikuwa asilimia 1.3 upande huu na asilimia 1.3 upande ule. Mwenye kutaka kuizika hoja yangu anaweza kuizika kwa sentensi hiyo moja.

Mimi naisoma kwa namna nyingine. Mambo yale matano yote yanaongeza macho. Hakuna linalomtaka mpasuaji aseme ni kitu gani hasa macho hayo yatafute kwa mgonjwa huyu, na hakuna linalomtaka mtu aliye mbali na wodi aitike anapoitwa. Kupima presha mara sita badala ya mara mbili kunasaidia ikiwa mpimaji anajua ni namba gani ya kumshtua na akishtuka kuna linalofuata. Jaribio dogo lililofanywa katika chumba cha wagonjwa mahututi cha Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, likachapishwa mwaka 2015, liliambatanisha vipimo vya kawaida na viwango vya hatari pamoja na tiba ya kuanza papo hapo. Vifo kwa jumla havikubadilika, lakini vilipungua kwa wagonjwa walioingia na presha ya chini, yaani pale ambapo kipimo kilikuwa na maana wazi na hatua iliyokubaliwa tangu mwanzo. Sidai kwamba makabidhiano peke yake yangegeuza matokeo ya nchi 28. Ninachodai ni kwamba kukesha bila kuambiwa na bila kuitikiwa kumeshajaribiwa, na jibu tunalo.

Neno hilo la kuitikiwa linatupeleka mahali pagumu zaidi, ambapo wataalamu wa ubora wa huduma hupapita kwa lugha laini. Makabidhiano ya kweli yanampa anayepokea haki ya kukataa. Mkuu wa wilaya akihamishwa anakabidhi ofisi mbele ya kamera, kwa taarifa iliyoandikwa na saini mbili. Mtunza stoo mpya hakubali funguo kabla hajahesabu magunia, na hakuna anayemwona mkorofi. Muuguzi wa wodi akisema simpokei mgonjwa huyu mpaka daktari aje aniambie alichokihofia, ataonekana nani? Ngazi za hospitali zetu ni ndefu, na kwa kawaida taarifa hushuka kwa amri, haipandi kwa swali. Muuguzi anayempigia daktari bingwa saa tisa usiku kwa mapigo 112 na ikaja kuonekana ilikuwa maumivu tu, atasemwa kwenye raundi ya asubuhi. Baada ya kusemwa mara mbili, usiku mwingine atasubiri 130. Hapo hakuna upungufu wa elimu. Sisi ndio tuliomfundisha thamani tuliyoiweka kwenye simu yake, na amejirekebisha ipasavyo.

Kwa hiyo haki ya kukataa na haki ya kupiga simu bila kukemewa lazima zitoke juu, kwa maandishi, zikiwa na saini ya mganga mfawidhi na muuguzi mkuu. Madaktari wengine watalalamika kwamba wataamshwa bure. Wataamshwa bure, ndiyo, na mara nyingi. Lakini yule aliyetaja kiwango kwa kinywa chake mwenyewe, kwamba mapigo yakizidi 110 nipigie, hana uso wa kukasirika akipigiwa kwa 112. Kumpa mpasuaji kazi ya kutaja kiwango kunamlinda muuguzi kuliko semina kumi za ushirikiano kazini.

Nisiwasahau ndugu. Katika wodi nyingi za Afrika Mashariki wao ndio wanaoleta chakula, wanaogeuza mgonjwa, wanaokimbia duka la dawa, na pale wanaporuhusiwa kulala ndio macho pekee yasiyobadilisha zamu. Sitaki wabebeshwe kazi ya muuguzi, na jaribio la 2021 linaonyesha kwamba kuwaweka tu kando ya kitanda hakutoshi. Lakini mama mzazi anayemjua mwanawe anaweza kuambiwa dalili mbili au tatu kwa Kiswahili kinachoeleweka, na akaambiwa pia kwamba akiziona asione haya kumfuata sista. Leo anaambiwa operesheni imekwenda vizuri, na saa ya kutazama wagonjwa imekwisha.

Ningeanzia kwa akina mama wanaojifungua kwa upasuaji. Ndio wengi kuliko wote, na uchambuzi wa wagonjwa hao katika utafiti wa 2018, uliotolewa mwaka 2019, ulikuta vifo vitano na zaidi kidogo kwa kila akina mama 1,000, mara 50 ya nchi tajiri, huku kutokwa damu kukitajwa miongoni mwa mambo yaliyohusiana na vifo hivyo. Tena Tanzania inao tayari utaratibu wa kukaa kikao na kujadili kila kifo cha uzazi. Kikao hicho kingeweza, bila waraka mpya kutoka wizarani, kuongeza maswali yake: nani alimkabidhi mama huyu, nani alimpokea, kilisemwa nini, nani aliitwa, alipokea simu saa ngapi. Majibu ya miezi sita yakikusanywa, kila hospitali itajua wasiwasi wake unapotelea wapi, na haitahitaji mtaalamu kutoka nje kuja kuiambia. Gharama iliyobaki ni simu moja ya wodi yenye salio, ili muuguzi asitumie vocha yake kumwokoa mgonjwa wa serikali, na karatasi ya namba ukutani iliyobandikwa upya kila Jumatatu. Namba ya kwanza ni ya daktari wa zamu. Asipopokea ndani ya dakika tano inapigwa ya pili, ya bingwa. Ya tatu iwe ya mganga mfawidhi mwenyewe.